Kona ya Yaya: Kinanda hakihesabu mikono

Mdogo wangu wa Kilwa, kwetu Katanga, barua yako imefika, pamoja na ile sentensi uliyoipigia mstari: kiongozi wa korali amekuambia kinanda ni kazi ya mikono miwili, wewe baki kwenye sauti ya pili uimbe. Unaniuliza ukubali au ukatae. Mimi yaya wako nasema ukatae. Ila ukatae kwa kupiga, maana kubishana na kiongozi wa korali hakujawahi kumpa mtu kiti cha mpiga kinanda.

Kuna uongo mmoja unaotangulia mengine yote: kwamba anayepiga kwa mkono mmoja anapiga nusu ya wimbo. Sisi wa Katanga tungekuwa wa mwisho kuuamini. Mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Msikilize katika wimbo wake Masanga. Utaapa kuna magitaa mawili. Ni mtu mmoja, na mkono wake wa kulia unapiga nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na shahada: gumba linatembeza besi, shahada inaimba juu. Ni kweli mkono wake wa kushoto nao ulikuwa kazini kwenye shingo ya gitaa, sikudanganyi. Ninachotaka uone ni namna alivyofikiri. Ni kama alijiuliza wimbo unahitaji sauti zipi, kisha akavigawia vidole alivyokuwa navyo. Hata likembe la mababu zetu hupigwa kwa vidole gumba viwili, na hakuna aliyewahi kumwambia mpiga likembe kwamba vinane vingine vimelala bure.

Na kwa kuwa umeniambia mkono wako wa kulia ulilegea utotoni kwa polio, nakuletea mwenzako. Anaitwa Horace Parlan, Mmarekani Mweusi wa Pittsburgh, aliyezaliwa mwaka 1931. Polio ilimpata akiwa na miaka 5 hivi, ikamwachia mkono wa kulia wenye vidole vichache vya kutumika. Wazazi wake wakampeleka kwenye piano ili mkono ufanye mazoezi. Kufikia mwaka 1959 alikuwa kwenye piano katika albamu ya Charles Mingus iitwayo Mingus Ah Um, ambayo wapenzi wa jazi huitaja hadi leo. Mwaka uliofuata akatoa za kwake. Alifanyaje? Kazi nzito aliihamishia mkono wa kushoto, na vile vidole vichache vya kulia akavipa kazi fupifupi zenye kugonga kwa wakati wake. Hakuwaiga wapiga piano wenye vidole kumi wanaomwaga sauti kama mvua ya Januari. Kwa sababu hiyo Parlan unamtambua baada ya sekunde chache tu. Baadaye alihamia Denmark, akapiga huko miaka mingi, na alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 86.

Wasomi wa piano watakutajia pia Paul Wittgenstein wa Vienna, aliyepoteza mkono wote wa kulia mwaka 1914 vitani. Akiwa mfungwa Siberia alifanya mazoezi juu ya sanduku la mbao, akisikia muziki kichwani tu. Alikuwa wa familia tajiri, kwa hiyo aliporudi aliwalipa watunzi wakubwa wamwandikie muziki wa mkono wa kushoto. Ravel alimwandikia, na kazi hiyo ilipigwa Vienna Januari 1932. Prokofiev naye alimwandikia, lakini Wittgenstein akasema haielewi na hakuipiga maisha yake yote. (Fedha haikumzuia kuwa mkaidi.) Wewe huna fedha za Wittgenstein, na huzihitaji. Nyimbo za korali yako zina akordi nne.

Twende kwenye kazi yenyewe. Unapiga kwa mkono wa kushoto, na bila kujua umebahatika. Muziki mwingi wa mkono mmoja duniani umeandikwa kwa mkono wa kushoto, na ukiuangalia mkono wako utaona sababu. Gumba ndilo lenye nguvu, na kwenye mkono wa kushoto gumba liko upande wa sauti za juu, pale wimbo wenyewe unapokaa. Basi gumba na shahada viimbe, vidole vitatu vilivyobaki vishike akordi chini yake. Mwenye mkono wa kulia peke yake ana kazi ngumu kidogo: gumba lake liko chini, upande wa besi, na wimbo unaangukia kidole cha pete na cha mwisho, ambavyo ni dhaifu. Huyo namshauri avifundishe vidole hivyo viwili polepole, kila siku kidogo, na wimbo ukipanda sana apunguze sauti za akordi badala ya kuvilazimisha.

Kiti chako kisogeze. Wewe wa mkono wa kushoto kaa kulia kidogo kuliko walivyozoea wengine, ili mkono ufike kwenye sauti za juu bila kukupinda kiuno. Wa mkono wa kulia afanye kinyume.

Kisha akordi. Watu wengi hujifunza Do, Fa na Sol zikiwa zimesimama mbalimbali, mkono unaruka kama panzi. Mwenye mkono mmoja hana nafasi ya kuruka hovyo. Shika Do hivi: do, mi, sol. Ukienda Fa usiondoe mkono, do ibaki palepale, vidole vingine viende fa na la: do, fa, la. Ukienda Sol, do ishuke hatua moja tu iwe si: si, re, sol. Jaribu sasa hivi hata juu ya meza. Umeona mkono haujasafiri? La ndogo nayo iko jirani, do, mi, la. Kwa mikao hiyo minne unaweza kusindikiza tenzi nyingi mno za Jumapili. Na pale wimbo unapohitaji vidole, toa sauti moja katika akordi. Ukiwa katika Do, sol inaweza kuondoka na hakuna atakayeshtuka. Mi usiitoe, maana hiyo ndiyo inayosema kama akordi inacheka au inalia.

Mkono wako wa pili katika kinanda ni mguu. Nasema pedali, ile inayofanya sauti iendelee baada ya kidole kuondoka. Piga besi chini, kanyaga, sauti inabaki ikining'inia, mkono unapanda kufuata akordi na wimbo, kisha unaachia na kukanyaga upya akordi inapobadilika. Hapo msikilizaji aliyegeuka nyuma ataamini mikono ni miwili. Wapiga ogani wa makanisa makubwa hupiga besi nzima kwa miguu tangu zamani, na hakuna anayewaita walemavu wa mikono. Usikanyage tu bila kuachia, sauti zitachanganyika ziwe uji. Kama polio ilipitia na mguu wa kulia, pedali za vinanda vya umeme zina waya mrefu, iweke mguu wa kushoto. Kama miguu yote haikanyagi, vinanda vingi vina sehemu ya kuwasha mwendelezo huo wa sauti kwenye kinanda chenyewe. Si mzuri kama pedali, ila unasaidia.

Sasa jambo ambalo huenda kiongozi wako wa korali hajalifikiria. Kuna gitaa la besi kanisani kwenu? Kama lipo, besi si kazi yako tena. Sikiliza bendi zetu sebene linapoanza: magitaa yanakimbia, besi inatembea, ngoma inasukuma, na mpiga kinanda mara nyingi ana kamstari kamoja tu anakokarudia juu. Hiyo ni kazi ya mkono mmoja kwa mtu yeyote, mzima au asiye mzima. Na korali ikiimba sauti nne, tayari waimbaji wenyewe ni akordi, kinanda kinawapa sauti ya kuanzia, kinawaongoza kwenye mapumziko na kinawazuia kushuka. Ukimaliza kusoma hapa, chukua wimbo mmoja wa Jumapili na ujiulize: katika kundi letu, ni sauti gani hakuna mtu anayeipiga? Piga hiyo. Mpiga kinanda wa mikono miwili anayerudia besi ambayo mpiga besi ameshaipiga anachafua tu, na nimewasikia wengi.

Ukiwa peke yako bila bendi, mashine itakusaidia, wala usione aibu. Vinanda vidogo vya Yamaha vina kibonyezo kilichoandikwa ACMP. Ukikiwasha, upande wa kushoto wa vitufe unaongoza ngoma, besi na magitaa yaliyomo ndani. Yamaha nyingi zina njia rahisi ya vidole: bonyeza kitufe cha do peke yake, inapiga akordi kubwa ya Do na kundi zima linafuata. Ukiongeza kitufe cheusi kilicho karibu upande wa kushoto wake, inakuwa Do ndogo. Ukiongeza cheupe cha karibu upande huohuo wa kushoto, inakuwa Do ya saba. Casio wana njia yao: kitufe kimoja ni akordi kubwa, viwili ni ndogo, vitatu ni ya saba, na hivyo vya kuongeza huwekwa upande wa kulia. Lakini, utaniuliza, mkono wangu mmoja ukibonyeza akordi, nani atapiga wimbo? Swali zuri. Mdundo huendelea na akordi ya mwisho uliyoibonyeza hata ukitoa kidole. Kwa hiyo gusa akordi, kimbilia wimbo, rudi uguse akordi inayofuata. Kwa nyimbo za taratibu hilo linatosha. Kwa nyimbo za haraka, vinanda vingi vina sehemu ya kurekodi: rekodi akordi za wimbo mzima kwanza kwa mkono wako huohuo, kisha zicheze na upige wimbo juu yake. Bila hiyo, rekodi kwenye simu na uiunganishe na spika. Mkono ni wako ulipopiga mara ya kwanza, na ni wako mara ya pili.

Kuna pia kibonyezo cha kuhamisha sauti. Jifunze vizuri katika Do, na mwimbishaji akianza juu au chini, hamisha kwa kibonyezo. Wapo watakaosema huko ni kudanganya. Wengi wao hufanya hivyo pia.

Niseme kidogo kuhusu mkono wenyewe, maana hapa wanaosoma si wewe peke yako. Polio huharibu neva zinazosogeza misuli, haigusi zile za kuhisi. Kwa hiyo mkono wako wa kulia, hata ukiwa mwembamba, unahisi kitufe. Usiufunike kwa kitenge. Uweke juu ya kinanda, na kama kidole kimoja kinaweza kubonyeza hata kwa uzito wake tu, kipe kazi: sauti moja ndefu inayobaki chini ya wimbo wote. Parlan naye alivipa kazi vidole vichache alivyobakiwa navyo. Aliyezaliwa kwa shida bega likavutwa, mara nyingi mkono una nguvu kidogo karibu na mwili na hauinuki. Huyo kinanda kiwekwe chini zaidi, karibu na mapaja. Aliyepigwa na kiharusi yuko katika hali nyingine: mkono wake una kila kitu, ni amri ya ubongo iliyokatika, na kurudiarudia kunaweza kuirudisha kwa kiasi. Baba wa namna hiyo aliye nyumbani kwako, akibonyeza vitufe vitano kwa mkono ulioganda kila asubuhi, anafanya mazoezi ambayo wataalamu wa viungo nao hutumia. Kama anaweza kufika Lubumbashi, hospitali ya Sendwe aulizie huduma ya mazoezi ya viungo. Na Kilwa wapo waliobaki na makovu ya mauaji ya Oktoba 2004, nanyi mnajua zaidi yangu. Mkono uliojeruhiwa kwa risasi au uliokatwa una mambo yake ya maumivu, hapo daktari atangulie kabla ya kinanda.

Mkono wako mzima nao unahitaji huruma. Unafua, unachota maji, unapika, kisha ibada ya masaa matatu. Maumivu ya kifundo cha mkono yanayolala na kuamka nawe ni onyo la kupumzika, si la kuombewa peke yake.

Hapo nimegusa kanisa, basi niseme. Umeandika kwamba bibi yako anaona vibaya kumpigia Mungu kwa mkono wa kushoto. Simcheki bibi. Sote tumelelewa hivyo, kitu hakitolewi kwa kushoto, mtu hasalimiwi kwa kushoto. Lakini hata nyumbani kwa bibi, mwenye mkono wa kulia uliokufa akipokea chakula kwa kushoto huambiwa karibu. Desturi yetu imewaachia mlango wasioweza. Mkumbushe bibi kwa adabu, umpigie wimbo anaoupenda, jioni, mkiwa wawili. Atakayesema mkono wako ni kazi ya wachawi mwambie jina la ugonjwa, polio, ambao chanjo inauzuia, na muulize kama watoto wake wamechanjwa. Mwaka 2017 polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika ilizuka Haut-Lomami, jirani zetu kabisa, mahali ambapo watoto wengi hawakuwa wamepata chanjo ya kutosha. Hayo si mambo ya kale.

Na kiongozi wa korali? Anza kwa upole. Mwombe dakika tano baada ya mazoezi, si Jumapili mbele ya watu. Pangeni wimbo mmoja tu, polepole, na uupige pamoja na mpiga besi uliyekwisha kukubaliana naye. Usimwombe akuonee huruma; mwombe akusikilize. Akikataa hata kusikiliza, nenda kwa paroko au baba pasta, ukiwa na mzazi. Nchi yetu, Kongo, ina Katiba ambayo kifungu chake cha 49 kinawalinda watu wenye ulemavu, na ina sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki zao. Sikuambii uipeleke korali mahakamani, Mungu wangu! Nakuambia ujue kwamba unachoomba si upendeleo. Wanamuziki wa bendi ya Staff Benda Bilili, wengi wao polio iliwaacha kwenye baiskeli za magurudumu matatu, walifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, na mdogo wao Roger Landu akijitengenezea chombo cha uzi mmoja kwa kopo. Mwaka 2009 albamu yao ikatoka, mwaka uliofuata filamu yao ikaonyeshwa Cannes. Nani aliwapa ruhusa? Walikuwa wameshapiga kabla ya kuulizwa.

Viongozi wa korali mnaosoma kona hii, nina neno nanyi pia. Mkiwa na mpiga kinanda wa mkono mmoja, mpeni mwenzake akae pembeni kugeuza kurasa na kubadilisha midundo, maana kuuondoa mkono katikati ya wimbo kwa ajili ya kibonyezo ndiko kunakomwangusha, si vidole. Ni kazi ambayo mtoto wa miaka kumi anaiweza.

Umeuliza mwisho kuhusu kununua cha kwako. Usikimbilie kikubwa. Chenye vitufe 61 kinakutosha, lakini hakikisha vitufe vinaitikia nguvu ya kidole, yaani ukigusa kwa upole sauti iwe ya upole, ukigandamiza ipande. Mwenye mkono mmoja hutenganisha wimbo na akordi kwa nguvu ya kidole tu, kwa hiyo bila hilo utahangaika. Angalia nyuma kama kuna tundu la pedali, vingine vya bei ndogo havina. Kwa umeme wa Kilwa, chagua kinachokubali betri, na kabla ya kukiunganisha na betri ya sola soma maandishi yaliyo karibu na tundu la umeme: Yamaha ndogo nyingi huomba volti 12, Casio ndogo nyingi huomba volti 9.5, na ukikosea kinanda kinaweza kuungua. Ukimtuma mtu Lubumbashi, amwambie muuzaji akiwashe na kugonga kila kitufe mbele yake, na pedali ainunue siku hiyohiyo, maana kuifuata baadaye ni kama kilomita 350 nyingine za barabara.